Kipakatalishi cha Zamani Kinapojaa na Kukwama: Pima Kwanza, Kisha Tengeneza

Huduma nyingi ambazo mkazi wa Kajiado alikuwa akizipangia foleni sasa hupatikana mtandaoni. Ritani za ushuru huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na leseni ya kuendesha gari huombwa kupitia eCitizen, na mwanafunzi wa chuo huomba mkopo wa HELB akiwa nyumbani. Mkazi ambaye kipakatalishi chake huchukua robo saa kuwaka, au humwambia kwamba hifadhi imejaa kila anapotaka kuweka faili, hukosa urahisi huo. Hulazimika kulipa saiba kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe, na wakati mwingine hufika siku ya mwisho ikiwa imepita.

Vipakatalishi vingi vinavyotumika katika nyumba na biashara za Kitengela, Isinya, Ngong na Kajiado mjini vililetwa kutoka ng'ambo baada ya kutumika huko, vile wauzaji huviita Ex-UK. Kifaa cha aina hiyo kikifikisha miaka minane au kumi, wengi hudhani kimekufa na huanza kutafuta pesa za kingine. Mara nyingi hakijafa. Kompyuta huwa nzito kwa sababu chache, na kila sababu ina dalili yake. Nyingi ya dalili hizo mwenye kompyuta anaweza kuzipima mwenyewe bila kutumia hata shilingi moja.

Makala hii inaeleza hatua hizo kwa mpangilio. Maelezo yanahusu kompyuta zinazotumia Windows 10 au Windows 11. Kwa kuwa maandishi ya skrini nyingi hapa nchini ni ya Kiingereza, majina ya vitufe yameandikwa jinsi yanavyoonekana.

Nakili kazi kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la chama, rekodi za mradi wa maji, hesabu za duka na nakala ya hatimiliki ya shamba huwa ndani ya kompyuta moja. Ichukuliwe hali ya katibu wa chama aliyeweka michango ya wanachama ya miaka sita katika faili moja. Diski ikiharibika kabla ya kunakiliwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha nani alilipa na nani ana deni. Kompyuta ya pili inaweza kununuliwa, lakini rekodi hizo haziuzwi dukani.

Kwa hivyo kabla ya kufuta au kubadilisha chochote, nakili faili muhimu mahali pawili. Pa kwanza pawe flashi au diski ya nje. Pa pili pawe hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, ingawa nafasi hiyo hutumiwa pia na barua pepe na picha. OneDrive ya Microsoft hutoa GB 5. Nyaraka za maandishi na hesabu ni ndogo, na za miaka mingi zinaweza kutosha hapo. Picha na video ndizo zinazohitaji diski ya nje.

Tahadhari moja inahitajika sokoni. Kuna flashi bandia zinazoandikwa ukubwa wa ajabu, kwa mfano TB 2, na kuuzwa kwa bei ya chini mno. Kompyuta huonyesha ukubwa huo, lakini flashi ikishajaa ule uwezo wake halisi, faili zinazofuata huharibika kimyakimya. Baada ya kunakili, chomoa flashi, irudishe, kisha fungua faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka.

Je, ni kompyuta au ni intaneti?

Watu wengi hulaumu kompyuta kwa kosa la mtandao. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Zima Wi-Fi, kisha fungua hati ya maandishi na folda ya picha zilizo ndani ya kompyuta. Zikifunguka upesi, tatizo liko kwa intaneti, na hakuna fundi wa kompyuta atakayeliponya. Zikichelewa, tatizo liko kwenye kompyuta yenyewe.

Jambo la pili ni kuiwasha upya ipasavyo. Katika Windows 10 na 11, kitufe cha "Shut down" mara nyingi hakizimi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwake haraka siku inayofuata. Kitufe cha "Restart" ndicho kinachoanzisha mfumo upya kabisa. Kompyuta ambayo haijawahi kufanyiwa "Restart" kwa majuma kadhaa inaweza kuwa nyepesi kwa hatua hiyo pekee.

Pima mahali panapokwama

Ikiwa uzito umebaki, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la "Task Manager" litafunguka. Likiwa dogo, bonyeza "More details". Juu kuna safu zenye asilimia, na tatu kati yake ndizo muhimu: "CPU", "Memory" na "Disk". Usisome dakika ileile kompyuta imewaka, kwa kuwa wakati huo mfumo huwa na shughuli nyingi. Subiri dakika kama ishirini, kisha soma ukiwa hujafungua programu yoyote.

CPU ni kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu. Ikibaki juu ya asilimia 80 wakati hakuna kazi, kuna programu inayoichosha. Bonyeza neno "CPU" ili programu zipangwe, na ile inayokula zaidi itaonekana juu. Inaweza kuwa sasisho linaloendelea, programu ya kuzuia virusi inayokagua faili, au virusi vyenyewe.

Memory ni kumbukumbu ya muda, ile mafundi huita RAM. Ni kama meza ya kazi: kila programu iliyofunguliwa hukalia sehemu yake. Meza ikijaa, kompyuta huanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha, na hapo ndipo kila kitu hukwama. Ikiwa safu hii hupita asilimia 85 ukifungua kivinjari na hati moja tu, kumbukumbu ni ndogo kwa kazi yako. Vipakatalishi vingi vya zamani vina GB 4, ambazo leo hujaa upesi.

Disk ni kabati la kuhifadhia. Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu bila kazi, diski ndiyo inayochelewesha wengine. Bonyeza "Performance", kisha "Disk 0". Katika matoleo mengi ya sasa, hapo huandikwa kama diski ni HDD au SSD. Andika jibu hilo kwenye karatasi pamoja na zile asilimia tatu. Karatasi hiyo ndiyo itakayoongoza hatua zilizobaki, na itamfaa fundi pia.

Kabati limejaa nini?

Fungua "This PC". Alama ya diski C ikiwa nyekundu, nafasi iliyobaki ni chini ya asilimia 10. Windows huhitaji nafasi ya kufanyia kazi: kupakua masasisho, kuhamisha vitu vya kumbukumbu na kuandika faili za muda. Ikikosa nafasi hiyo, masasisho hushindwa na kompyuta hulemaa. Lengo zuri ni kuacha wazi angalau asilimia 15 hadi 20 ya diski.

Wengine hushtuka kuona diski ya GB 120 ikionyesha GB 111, au ya GB 500 ikionyesha 465. Hakuna aliyewaibia. Kiwanda huhesabu kwa maelfu kamili, nayo Windows huhesabu kwa 1,024, ndiyo maana tarakimu hazilingani.

Ili kujua kilichojaza, fungua "Settings", kisha "System", kisha "Storage". Kompyuta itahesabu na kuonyesha makundi ya vitu na ukubwa wake. Chukua mfano wa kipakatalishi chenye diski ya GB 111 kilichobaki na GB 3 tu. Windows na programu zimechukua GB 45. Folda ya "Downloads" ina GB 22. Video na picha zilizohamishwa kutoka simu ni GB 20. Mabaki ya masasisho na faili za muda ni GB 12. Pipa la taka lina GB 6. Faili ya usingizi ya Windows ina GB 3.

Hapa haba na haba ndiyo imejaza kibaba. Hakuna siku moja mwenye kompyuta alipoijaza. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kuwa na MB 3 hadi 5, na elfu moja za picha hizo ni GB 3 hadi 5. Fomu ileile ya PDF hupakuliwa mara nne kwa kuwa mtu hakukumbuka alipoiweka mara ya kwanza.

Kusafisha kufanywe kwa mpangilio huu, kuanzia kisicho na hatari. Kwanza, mwaga pipa la taka, kwa kuwa kilicho humo tayari kilifutwa. Katika mfano huu GB 6 hurudi. Pili, kwenye ukurasa wa "Storage", fungua "Temporary files" na uondoe mabaki ya masasisho. GB 12 hurudi. Lakini angalia kwa makini: orodha hiyo huwa na neno "Downloads" pia. Likiwekewa alama, kila kitu ulichopakua kitafutwa, zikiwemo risiti za KRA na barua za kazi. Ondoa alama hiyo kabla ya kubonyeza.

Tatu, pitia "Downloads" mwenyewe. Panga faili kwa ukubwa, anza na kubwa, na ufute programu za kusakinisha ambazo zimeshasakinishwa. Katika mfano huu, GB 16 kati ya 22 hazikuhitajika. Nne, hamishia video na picha kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka huko, kisha uzifute kwenye kompyuta. GB 20 hurudi. Ukijumlisha na zile 3 zilizokuwapo, nafasi wazi sasa ni GB 57, zaidi ya nusu ya diski, na hakuna kitu cha maana kilichopotea.

Mwishoni washa "Storage Sense" kwenye ukurasa uleule. Itafuta faili za muda yenyewe kila mara, ili kazi hii isirudiwe yote baada ya miezi sita.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. Usifute kwa mkono faili zilizo ndani ya folda za "Windows" na "Program Files". Programu isiyohitajika iondolewe kupitia "Settings", sehemu ya "Apps". Pia usipakue programu zinazojitangaza kuwa zitaongeza kasi ya kompyuta kwa kubonyeza mara moja. Nyingi huongeza mzigo, na baadhi huleta virusi. Zana zilizomo ndani ya Windows zinatosha.

Programu zinazoamka pamoja na kompyuta

Kila programu inayosakinishwa hupenda kuwashwa kompyuta inapowaka, hata kama haitatumika siku hiyo. Kumi zikifanya hivyo, mwenye kompyuta husubiri zote kumi. Rudi kwenye "Task Manager", fungua "Startup" na utaona orodha. Bonyeza programu usiyohitaji asubuhi, kisha "Disable". Haitafutwa, utaifungua mwenyewe ukiihitaji. Usiguse zinazohusu kipaza sauti, padi ya kugusa na usalama ikiwa hujui kazi yake.

Programu za kuzuia virusi zinahitaji uangalifu wa pekee. Mbili zikikaa pamoja hukagua kila faili mara mbili na hugongana. "Windows Security", ambayo huja na mfumo wenyewe, inatosha kwa matumizi ya nyumbani mradi isasishwe.

Katika kivinjari, kila ukurasa uliofunguliwa hukalia sehemu ya kumbukumbu. Mwenye GB 4 akifungua kurasa ishirini, eCitizen itakwama hata kama intaneti ni nzuri. Funga zisizotumika na uondoe viongezo visivyojulikana vilitoka wapi.

Vumbi la Kajiado na joto

Kitengela ni mji unaojengwa kila siku, na wakati wa kiangazi upepo wa nyanda za Kaputiei huingiza vumbi hadi ndani ya nyumba. Feni ya kipakatalishi huvuta hewa kutoka chini na kuitoa kando. Baada ya miaka, vumbi huganda kwenye njia ya hewa kama blanketi. Joto likipanda kupita kiasi, kichakataji hujipunguzia kasi ili kisiungue. Dalili ni kwamba kompyuta huanza vizuri, feni hupiga kelele, sehemu ya chini huwa moto, na baada ya dakika ishirini kila kitu huwa kizito.

Usiitumie kompyuta juu ya kitanda, kochi au mapajani penye shuka. Iweke mezani, ikiwezekana iinuliwe kidogo nyuma ili hewa ipite. Kwa kusafisha nje, izime kabisa, ondoa chaja, na upulize hewa ya kopo kwa vipindi vifupi. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate huingia ndani. Kufungua kifuniko na kubadilisha mafuta ya kupozea kichakataji, ambayo hukauka baada ya miaka mingi, ni kazi ya fundi.

Kagua betri pia. Ikiwa padi ya kugusa imeinuka au kifuniko hakifungi vizuri, huenda betri imevimba. Acha kutumia kompyuta hiyo, usiichaji, na usijaribu kuitoboa au kuibonyeza, maana betri ya lithiamu huweza kushika moto. Betri iliyokufa nayo ina hasara nyingine. Kipakatalishi kinachotegemea chaja pekee huzimika ghafla kila stima inapopotea, na kuzimika ghafla wakati diski inaandika huharibu faili. Mtu wa hali hiyo ahifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache.

Diski inapozeeka

Kompyuta nyingi za miaka ya kabla ya 2017 zina diski ya HDD. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosogea kutafuta faili. Mkono huo ukitakiwa kusoma vipande vidogo elfu moja vilivyotawanyika, lazima usogee kila mara. SSD haina kitu kinachosogea. Husoma kwa njia ya umeme pekee. Ndiyo maana kompyuta ileile iliyochukua dakika tano kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja baada ya kubadilishiwa diski.

Ikiwa karatasi yako inasema "HDD" na safu ya Disk hukaa kwenye asilimia 100, SSD ndiyo matengenezo yenye faida kubwa zaidi. Vipakatalishi vingi vya zamani hukubali SSD ya inchi 2.5 inayoingia mahali pa diski ya zamani bila kubadilisha kitu kingine. Ukubwa wa GB 240 au 256 hutosha mtu wa nyaraka na mtandao.

Ikiwa safu iliyojaa ni Memory, ongeza RAM. Kutoka GB 4 hadi 8 ni hatua inayoonekana mara moja. Lakini RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani, na baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao, isiyoweza kuongezwa. Vivyo hivyo, vipakatalishi vidogo vya bei nafuu vyenye hifadhi ya GB 32 au 64 mara nyingi haviwezi kubadilishiwa diski. Kwa hivyo jua modeli yako kabla ya kulipa.

Kuna dalili zinazoonya kwamba diski inakufa: mlio wa kugonga unaojirudia, faili zinazotoweka au kukataa kufunguka, na skrini ya buluu ya mara kwa mara. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma afya ya diski na kuandika "Good", "Caution" au "Bad". Ukiona neno lolote kati ya mawili ya mwisho, au ukisikia mlio huo, acha kusafisha na kujaribu. Kila dakika ya kazi huichosha zaidi. Nakili kwanza faili usizoweza kuzipata tena, kisha izime.

Windows 10 imefikia mwisho wake

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Kompyuta zake bado zinawaka na kufanya kazi, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft. Kwa watumiaji binafsi mpango huo ulipangwa kufika Oktoba 2026. Kwa anayetumia kompyuta kufungua benki na iTax, hili si jambo dogo.

Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji kilicho kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kwa vile vya Intel, hiyo ni takriban kizazi cha nane kwenda juu. Vipakatalishi vingi vya zamani huanguka hapo.

Mwenye kifaa kilichoachwa nje ana njia nyingine. Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kuendeshwa na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyopo. Kivinjari, barua pepe, hati na hesabu vyote vinafanya kazi humo. Anayetegemea programu maalumu ya Windows, kwa mfano ya uhasibu wa duka, ahakikishe kwanza kama ina njia ya kutumika humo. Usikubali kusakinishiwa Windows iliyovunjwa kufuli. Nakala hizo ni mlango wa wezi wa nywila.

Unapompelekea fundi

Fundi mzuri atafurahi kuona ile karatasi ya vipimo, na fundi asiye mwaminifu atajua kwamba anazungumza na mtu aliyejiandaa. Ulizia bei katika maduka mawili au matatu kabla ya kukubali, kwa kuwa bei za SSD na RAM hubadilika. Kubalianeni kwa maandishi kazi itakayofanywa, bei na muda wa dhamana. Andika namba ya utambulisho ya kompyuta. Ikibadilishwa diski, dai ile ya zamani irudishwe mkononi mwako, kwa maana faili zako bado zimo.

Kabla ya kuiacha, toka kwenye akaunti za barua pepe na benki na uondoe nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Fundi wa vifaa hahitaji nywila ya barua pepe yako kubadilisha diski. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inaharamisha kuingia kwenye data ya mtu bila idhini. Hata hivyo, kuzuia ni rahisi kuliko kushtaki.

Kompyuta ikifika mwisho

Ikiwa ubao mkuu umeharibika, au gharama ya matengenezo inakaribia bei ya kifaa kingine kizuri, basi wakati umefika. Anayeuza au kutoa msaada kipakatalishi akifute kwanza kupitia "Settings" kwa kutumia "Reset this PC" na kuchagua "Remove everything", pamoja na chaguo la kusafisha diski. Kufuta faili kwa kawaida hakutoshi, kwa kuwa huweza kurudishwa.

Kisichofaa tena kisitupwe kwenye jalala wala kuchomwa. Vifaa hivi vina risasi na kemikali zinazoingia kwenye udongo na maji, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na kushughulikiwa ipasavyo. Kituo cha WEEE jijini Nairobi ni miongoni mwa vinavyopokea taka za kielektroniki.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: nakili faili mahali pawili, washa upya kwa "Restart", pima safu tatu, ondoa takataka, punguza programu zinazoamka, safisha vumbi, na baada ya hapo ndipo uamue kuhusu SSD, RAM au mfumo mpya. Hatua sita za kwanza huweza kumalizika Jumamosi moja asubuhi. Wakazi wanashauriwa wasingoje wiki ya mwisho ya Juni kuzianza.